Mwiba kwenye tonge la mwanangu

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa mama yangu, Iringo, Musoma. Mimi na mwanangu tulikuwa tumefika jana yake kwa basi kutoka Mwanza. Tumeketi kwenye mkeka na Mama, sangara wa kuchemsha katikati, ugali wa muhogo pembeni. Mwanangu ana miaka minne. Alikuwa amejibanza ubavuni kwa bibi yake, kwa sababu kwa bibi ndiko hakuna kukatazwa.

Mama ana desturi yake ya tangu zamani. Akimlisha mtoto samaki, anachambua miiba kwa vidole, kisha anaing'ata nyama kidogo mwenyewe kuhakikisha hakuna kilichobaki, ndipo anampa mtoto nusu iliyosalia. Ndivyo alivyotulea sisi wote.

Mtoto akaacha kutafuna. Akasema, "Bibi, mwiba."

Mama akakinga kiganja, mtoto akatema. Mama akakipeleka kiganja kwenye mwanga wa mlango, akakigeuzageuza. "Huu si mwiba," akasema taratibu.

Ulikuwa waya. Kipande kifupi, kirefu kidogo tu kuliko punje ya mchele, kimepinda, ncha moja nyeusi. Mama akaingiza kidole mdomoni, akavua meno yake ya bandia, na sote tukaona. Ndoano ya upande wa kushoto ilikuwa imekatika.

Tuliacha chakula. Nilimfungua mtoto mdomo, nikamulika kwa tochi ya simu. Hakuna damu, hakuna jeraha, anapumua vizuri, anashangaa tu kwa nini watu wazima wamenyamaza. Tukakiweka kile kipande penye mvunjiko, kikaingia sawasawa, hakuna kilichopungua. Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kukaa tena chini.

Mzazi mwenzangu, ninaandika habari za afya, na hiyo ndiyo kazi inayonipa mkate. Nimeandika kuhusu malaria, maji salama, chanjo na lishe. Lakini nataka niseme mapema kwamba mkosaji wa kwanza katika habari hii ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita Mama aling'olewa meno mawili ya mbele ya juu baada ya kuoza hadi kwenye mzizi. Alitengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ya aina ambayo wengi wenye wazazi wa umri wake mnaijua. Ni kipande cha plastiki ya waridi kinachokaa kwenye kaakaa, kimebeba meno mawili, na kila upande kina ndoano ya waya inayoshikilia jino lake la kweli. Alirudi kucheka bila kuziba mdomo kwa kanga.

Mwishoni mwa mwaka jana alinipigia simu. Ndoano moja imevunjika, meno yanalegea anapoongea. Nilikuwa na ada ya chekechea ya mtoto, kodi ya nyumba, na mshahara ulikuwa umechelewa. Nikamwambia, "Mama, hilo ni jambo la waya tu. Mpelekee sonara, akulehemie. Tukipata hela tutatengeneza mapya."

Akaenda. Sonara akaifunika plastiki kwa kitambaa kibichi, akawasha moto wake, akaunganisha waya kwa lehemu ya fedha, akasugua, akang'arisha. Shilingi elfu tano. Mama akanipigia jioni akicheka, "Mwanangu, yamekuwa mapya kabisa." Nikajisifu moyoni kwa kuokoa fedha.

Baada ya miezi kadhaa alianza kulalamika kwamba chai ina ladha ya sarafu. Nikamwambia apige mswaki vizuri. Baadaye akasema ulimi unakwaruzwa pembeni. Nikamwambia tutaangalia nikija. Kumbe dalili zote alinitajia kwenye simu, na mimi ninayelipwa kusikiliza dalili za watu nilikuwa nazipokea kama salamu.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka kwa daktari wa meno mjini. Kijana wa makamo, alimwamkia Mama, akamkalisha, akamkagua fizi kwanza kabla ya kugusa ile plastiki. Fizi ya upande ule ilikuwa nyekundu na imevimba kidogo. Kisha akachukua meno yale na kile kipande cha waya, akavitazama kwa lenzi kwa muda mrefu.

"Dada, njoo uone," akaniita. "Unadhani umekatikia wapi?"

Nikamjibu kwamba bila shaka ni pale palipounganishwa. Akatikisa kichwa. Lehemu ilikuwa nzima. Waya ulikuwa umekatika pembeni ya lehemu, milimita chache tu, mahali ambapo fundi hakuunganisha chochote. Na hapo penye mvunjiko palikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva hadi kuwa nyeusi.

Akanionyesha kitoroli cha vifaa kilichokuwa ukutani. Ni cha stenlesi, kile chuma tunachosema hakishiki kutu. Mguu mmoja ulivunjika zamani, wakaita fundi wa kuchomelea wa mtaani. Kitoroli kizima kinang'aa, isipokuwa kwenye ule mguu. Sambamba na mshono wa kuchomelea, juu kidogo na chini kidogo, kuna mstari wa kutu. "Ugonjwa ni uleule," akasema.

Nilirudi nyumbani na swali lile, nikasoma, nikampigia tena kumuuliza niliposhindwa kuelewa. Nitaeleza nilivyoelewa.

Chuma cha kawaida kikikaa kwenye maji kinakuwa na kutu. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akachanganya chuma na madini yanayoitwa kromiamu, akapata chuma kilichokataa kutu. Baadaye kilienea kwenye visu, masufuria, vifaa vya hospitali na nyaya za meno. Waya wa meno wa aina iliyozoeleka huwa na kromiamu ya karibu asilimia 18 na nikeli ya karibu asilimia 8, na sehemu kubwa iliyobaki ni chuma.

Siri yake ni kromiamu. Ikikutana na hewa, hujenga juu ya chuma ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza, inajijenga upya yenyewe, mradi kromiamu ipo ya kutosha. Ikipungua chini ya asilimia kumi na kitu hivi, ngozi inakuwa dhaifu, na chuma kinarudi kwenye tabia yake ya asili.

Sasa fikiria kazi ya ngozi hiyo mdomoni. Mate yana chumvi. Kuna ndimu kwenye samaki, soda, chai ya moto, maji baridi, na bakteria wanaotengeneza asidi kila tunapoacha mabaki ya chakula. Usiku na mchana chuma kimelowa. Tena kinapindishwa kidogo kila unapotafuna na kila unapovaa na kuvua.

Moto wa sonara unaingilia hapo. Ndani ya chuma hicho kuna kaboni kidogo. Chuma kikikaa kwenye joto la takriban nyuzi 450 hadi 850 za Selsiasi, kaboni huamka na kuikamata kromiamu. Lehemu ya fedha inayeyuka ndani ya mipaka hiyo hiyo. Ukishika moto polepole, ukarudiarudia kwa sababu mkono hauko sawa, waya ulio jirani na lehemu unakaa kwenye joto hilo baya kwa muda mrefu.

Daktari alinipa mfano ambao sitausahau, kwa kuwa nimekulia kwenye nyumba ya aina hiyo. Chuma kwa ndani kimepangwa kama ukuta wa matofali, ni chembe na chembe zimekaribiana. Kaboni inakwenda kuikamata kromiamu pale kwenye maungio, yaani kwenye udongo ulio kati ya tofali na tofali. Matofali yanabaki mazima, ila maungio yamepungukiwa kromiamu, hayana kinga. Mate yanaingia humo humo. Ukuta ukiutazama kwa mbali umesimama vizuri, umepakwa rangi. Lakini udongo wa katikati umekwisha kuliwa, na siku ukiegemea, unaanguka.

Ndiyo maana waya wa Mama uling'aa siku ya kwanza. Kung'arisha kulisafisha uso. Hakukuweza kurudisha kilichopotea ndani. Na jambo la pili lilizidisha: metali mbili tofauti, ile lehemu ya fedha na ule waya wa chuma, zikigusana ndani ya mate hufanya kama betri ndogo, na moja inaweza kuliwa upesi kuliko ingekuwa peke yake. Ladha ya sarafu aliyoisema Mama inalingana na chuma kinachoachia chembe zake mdomoni.

Simlaumu sonara. Hakumdanganya mtu. Amefundishwa kuunganisha hereni na mikufu, na kwa kazi hiyo ni hodari. Tulimpelekea kazi isiyo yake, na mimi ndiye niliyetoa ushauri.

"Basi moto ni adui wa meno ya bandia?" nilimuuliza daktari.

"Hapana," akasema. "Karibu kila chuma unachokiona mdomoni mwa mtu kimepita kwenye moto. Tatizo ni moto wa kukisia."

Kwenye maabara ya meno, aloi ya kobalti na kromiamu inayotumika kwa meno ya bandia yenye fremu ya chuma huyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo. Hiyo ina kromiamu nyingi, mara nyingi kati ya asilimia 25 na 30, ndiyo maana inavumilia mdomo kwa miaka. Waya uliokunjwa kwa koleo hubaki na mkazo ndani, na fundi sanifu anaweza kuupasha kwenye nyuzi 400 na ushei kwa dakika chache ili mkazo utoke. Akipitisha kiwango au muda, anaingia kwenye lile eneo baya. Akilazimika kulehemu, anatumia lehemu inayoyeyuka kwenye joto la chini, anamaliza upesi, na anapoza upesi.

Kuna meno ya kauri yaliyojengwa juu ya aloi ya nikeli na kromiamu. Hayo huingia kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 900, tena mara kadhaa, kwa kuwa kauri hupakwa tabaka kwa tabaka. Aloi yenye kromiamu ya kutosha na molibdeni kidogo huistahimili safari hiyo kuliko yenye kromiamu haba. Hata hivyo, uso wa chuma ulioungua usiofunikwa na kauri lazima usafishwe na kung'arishwa upya, vinginevyo unabaki mlango wa kutu.

Na dhahabu je? Nina shangazi Butiama mwenye jino la dhahabu tangu sijazaliwa. Kwetu dhahabu si ngeni, Buhemba iko wilayani humo humo. Jino lile linang'aa hadi leo, na mimi nilidhani dhahabu haina habari na moto. Kumbe dhahabu ya meno huwa imechanganywa na shaba na fedha ili iwe ngumu. Ikimiminwa na kupoa haraka, metali hizo hazikai sawasawa ndani yake, sehemu moja ina hiki kingi, nyingine ina kile. Ikipashwa tena kwa utulivu na kwa muda wa kutosha, zinasambaa vizuri, na jino linastahimili kutu kuliko mwanzo. Kwa hiyo moto unaoua waya wa Mama unaweza kumsaidia shangazi. Tofauti ni metali gani, joto kiasi gani, dakika ngapi, na imepozwaje. Mambo hayo manne hayaonekani kwa macho kazi ikishaisha. Unayaamini kwa kumwamini aliyeyafanya.

Nilipowasimulia wenzangu wenye watoto, swali la kwanza lilikuwa kuhusu vile vikofia vya chuma vinavyovalishwa magego ya utotoni yaliyooza. Mmoja alitaka kurudi kukitoa cha mwanawe. Nilimwambia asifanye hivyo. Vikofia hivyo ni vya stenlesi pia, lakini vinatoka kiwandani vikiwa na umbo tayari. Daktari huchagua saizi, anakata ukingo kama ni lazima, anakibana kwa koleo na kukigandisha kwa saruji ya meno. Hakuna moto. Kazi yake ni kulinda jino hadi litakapotoka lenyewe na kuliachia la ukubwani nafasi.

Kama mtoto wako amewahi kuwashwa na hereni au kifungo cha mkanda, mwambie daktari kabla, kwa sababu huenda ngozi yake haipatani na nikeli. Kama mtoto amevalishwa waya wa kushikilia nafasi ya jino lililong'oka mapema, huo mara nyingi huunganishwa kwa lehemu. Uliza umetengenezwa wapi, na upeleke mtoto akaguliwe kila unapoambiwa. Ukilegea au kukatika, usijaribu kuunyoosha kwa koleo ya nyumbani, wala usiupashe moto.

Kwa wazazi wetu wenye meno ya kuvaa na kuvua, mambo ni machache. Usiyachemshe kwenye maji ya moto, plastiki itapinda. Usiyaloweke kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, klorini iliyomo inaishambulia ile ngozi ya chuma niliyoieleza. Mswaki laini, sabuni kidogo na maji ya kawaida vinatosha. Osha juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Usiku yavuliwe, yakae kwenye kikombe cha maji safi.

Na mara moja kwa mwezi, yachukue uyatazame mahali penye mwanga. Doa la kahawia au jeusi kwenye waya, hasa karibu na mahali palipounganishwa. Ukwaruzo kwenye ulimi. Ladha ya chuma. Fizi nyekundu upande mmoja. Waya unaolegea. Ukiona mojawapo, yasivaliwe wakati wa kula hadi daktari ayaone. Mtu akimeza kipande cha waya, mpeleke hospitali hata kama anajisikia vizuri. Akikohoa kwa shida au kushindwa kupumua, usisubiri hata dakika moja.

Siku ile kwa daktari, Mama alikaa kimya muda wote. Tulipotoka, tukiwa tunasubiri bajaji, aliniambia jambo ambalo linaniuma kuliko lile la mtoto. Alisema alijua tangu mwezi wa pili wa mwaka huu kwamba waya una doa. Alikuwa anatafuna upande mmoja tu. Nyama na karanga alishaziacha.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia chai ina ladha," akajibu. "Ukasema nipige mswaki. Nikaona una mambo mengi, mwanangu. Waya wa mzee nao ni jambo?"

Sikuwa na jibu. Bajaji ikaja, tukapanda.

Meno mapya ya Mama yalichukua wiki tatu. Safari hii niliuliza maswali yote, nani anayatengeneza, waya ni wa aina gani, ukivunjika nirudi wapi. Daktari hakukasirika. Alisema anatamani kila mteja angeuliza, na akatuonya kwamba ndoano ikikatika tena, itawekwa nyingine mpya, haitaungwa. Gharama tuligawana na kaka yangu aliyeko Bunda. Alishangaa kwa nini hatukumwambia mwaka jana. Kumbe tungeweza kuchangia tangu mwanzo. Sikumuuliza, kwa sababu niliona ni jambo dogo.

Kile kipande cha waya ninacho. Nimekitia kwenye kiberiti kitupu, kiko juu ya meza yangu ya kazi. Mwanangu anakiita mwiba wa Bibi.

Mzazi mwenzangu, leo ukipiga simu nyumbani, ukishauliza habari za mvua na za shamba, uliza na hili: "Mama, unatafuna vizuri? Kuna upande unaouma?" Kisha usikilize jibu mpaka mwisho. Na ukienda kumtembelea, omba akuonyeshe meno yake ya bandia, uyatazame kwenye mwanga wa mlango kabla hamjaketi kula.